Neno la Kwenye Kioo

"Hispania! Hispania ilinifanyia nini mimi?" Cuca alipiga meza yangu kwa kiganja, vikombe vya kahawa vikaruka. "Bibi yangu mzaa mama hakujua Kihispania hata cha kuombea chumvi. Halafu wewe unataka nilazwe kwenye jeneza chini ya neno hispano?"

"Usife leo basi," Evaristo akamjibu. "Ngoja kwanza tupige kura."

Jiko zima likacheka. Jiko langu, Jumapili ya Matawi, mwaka themanini, mtaa wa Division, Chicago. Watu ishirini na wanane ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, makoti ya baridi yamerundikana kitandani kwangu mpaka godoro halionekani, na matawi ya kanisani yamechomekwa popote palipo na tundu, hata kwenye mdomo wa birika. Hivyo ndivyo nilivyozipenda Jumapili zangu. Mimi ni Providencia, Provi kwa watu wote, mzaliwa wa Utuado, Puerto Riko, mjane wa miaka mingi. Ukitaka kujua nani amehamia kwa nani na nani kanuniana na nani, ulikuwa unapanda ghorofa ya pili, unapewa wali wa mbaazi, na habari unazipata juu yake kama kitoweo.

Ugomvi wa siku ile uliletwa na kioo. Chama chetu cha mtaa, ambacho mpaka hapo kiliitwa chama tu, kilikuwa kimekodi duka lililowahi kuuza samani ili liwe ukumbi. Kazi za chama zilikuwa mbili: kula pamoja na kuzikana. Mwanachama akifa, ukumbi ni wake. Jeneza litakaa katikati, rozari itasaliwa siku tisa, kahawa haitakauka, na watu watamsindikiza hadi shimoni. Kila mmoja wetu alikuwa amesikia habari za mtu aliyefia chumbani peke yake akazikwa na serikali, kwa namba, bila hata mmoja wa kuitikia amina. Hatukutaka hayo. Sasa kioo cha mbele cha ukumbi kilidai jina, wengine wakitaka hispano, yaani watu wa lugha na asili ya Hispania, wengine latino, yaani watu wa Amerika ya Kilatini, na kanuni ya kwanza tuliyoiandika ilisema hivi: mwanachama ni mtu wa jina lililo mlangoni.

Tungeweza kuzozana mwaka mzima, lakini Ijumaa iliyotangulia fomu za sensa ziliingia kwenye masanduku ya barua, na humo serikali ilikuwa inamwuliza kila mtu kama ana asili ya hispano, ndiyo au hapana, jaza duara kwa penseli.

"Serikali imeshasema," Evaristo akaendelea. Huyu alikuwa kinyozi, Mkuba, na juu ya kiti chake cha kunyolea alitundika picha ya babu yake aliyetoka Asturias, Hispania. Ukinyolewa kwake ulinyolewa na babu anakutazama. "Hispano. Neno la heshima. Lina lugha, lina dini, lina wazee nyuma yake."

"Wazee wako," Cuca akasema. Yeye alikuwa Mmeksiko, mshona mapazia na katibu wa chama, na mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake. "Mimi kwetu sikuwa hispana wala latina. Nilikuwa mtu wa Tepatitlán, binti wa Barajas muuza maziwa, yamekwisha. Nimekuja hapa ndipo nikaambiwa mimi na wewe ni kitu kimoja. Nikashangaa, lakini nikakubali. Unajua kwa nini nilikubali? Kwa sababu ya ule mwaka tuliosimama kwenye theluji nje ya kiwanda, sisi na Wapuertoriko, mpaka wakatuajiri. Kitambaa tulichobeba kiliandikwa latinos. Hakikuandikwa wajukuu wa Asturias."

"Latino! Hilo neno la Wafaransa, mama. Walilivumisha wao huko Paris, zamani, wapate kututia mfukoni."

"Haya, Mfaransa yule pale. Si umwulize!"

Tukageuka wote kwenye kiti cha kando ya friji.

Mfaransa wetu hakuwa Mfaransa. Alikuwa Osias Philogène, Mhaiti, fundi wa mabango, mtu mrefu anayekaribia sitini, koti limefungwa vifungo vyote ingawa jikoni kulikuwa na joto la kutosha kuumulia mkate. Aliishi ghorofa ya tatu. Siku ile alikuja kwa ajili ya kazi tu, aambiwe neno gani aandike. Na nani mwingine angeandika? Mtaa mzima ulikuwa umeandikwa na mkono wake. Nilipofika mimi, kila mji wa kwetu ulikuwa na kiklabu chake, na vibao vyote vilikuwa vyake: wana wa Utuado, wana wa Ponce, wana wa Lares. Kisha mapadri wakatuita wasemao Kihispania, akaandika hivyo juu ya mlango wa kanisa, kwa buluu. Kisha vijana wakaja na latino yao, akawachorea kwa rangi nyekundu kile kitambaa alichokisema Cuca. Kila tulipopewa jina au kujipa wenyewe, Osias ndiye aliyeulizwa herufi ziwe na unene gani.

Alisimama. Kofia mkononi.

"Samahanini," alisema. "Mimi nilijaza kadi ya uanachama, nikampa Doña Cuca." Kwetu mwanamke huitwa doña na mwanamume don, kwa heshima.

"Ninayo," Cuca akasema.

"Basi nauliza tu. Likiwa latino, nafikiri naingia. Likiwa hispano, naingia?"

Evaristo alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, niwaambie ukweli. "Don Osías, sisi tunakuheshimu. Kazi yako haina mfano. Lakini hispano ni mtu ambaye watu wake wametoka kwenye lugha hii. Wako wewe walitoka..."

"Mimi nimetoka Camagüey, Kuba," Osias akasema, na alilisema kwa lafudhi ileile ya Evaristo, ile ya kumeza mwisho wa maneno. "Wazazi wangu walikata miwa kwenu. Nimezaliwa kambini, nikaanza kusema kwa lugha hii ninayokujibu nayo. Nina miaka kumi na miwili askari wakatupakia melini wakatupeleka Haiti. Nilikuwa sijawahi kuiona Haiti. Watoto wa huko walikuwa wananikimbiza barabarani wakiniita Mhispania."

Halafu mtu wa nyuma, karibu na makoti, akapaza sauti: "Na huku tunamwita Mfaransa! Mzee, wewe na majina mna kesi!"

Tukacheka. Na mimi nilicheka, mwiko mkononi.

"Lakini jamani," Cuca akadakia, "mbona Mzee Purvis tunaye?" Purvis alikuwa mfagiaji wa jengo letu, mtu wa Mississippi, na kisa chake kilijulikana na kila mtu. Sensa ya mwaka sabini alijaza duara la Amerika ya Kusini, kwa hesabu kwamba yeye ni Mmarekani na kwao ni kusini. Serikali ikampokea. "Miaka kumi Purvis anahesabiwa ndugu yetu, hajui hata kusema habari za asubuhi. Huyu anayetuandikia majina ndiye anaachwa nje?"

"Purvis hakuomba kuzikwa na sisi," Evaristo akasema. "Nyoosheni mikono."

Mikono ikanyooshwa. Latino, kumi na tatu. Hispano, kumi na tatu. Osias hakuwa mwanachama, hakunyoosha. Nikabaki mimi, nimesimama kwenye jiko, sijaonyesha upande.

Cuca akacheka. "Msihangaike na Provi, yuko na sisi. Na asipokuwa na sisi pia si kitu. Provi hana upande, anachotaka ni nyumba ijae tu. Hata ikijaa mbwa atawapikia."

Wakacheka tena, na safari hii walinicheka mimi, kwenye jiko langu, wakiwa na wali wangu midomoni. Mkono wangu ukapanda upande wa Evaristo. Sikuwaza Hispania, sikuwaza Paris. Nilitaka nimwone Cuca amenyamaza, basi, na kweli alinyamaza. Lakini hata kabla sijaushusha ule mkono nilimwona Osias. Alitoa kijitabu chake mfukoni, akalamba ncha ya penseli.

"Herufi kubwa zote," aliuliza, "au ya mwanzo tu?"

Aliandika Jumatano baada ya Pasaka. Nilipita na chupa ya kahawa, nikijiambia nampelekea kwa ubinadamu. Mtu ukinijua utasema nilikwenda kuchungulia.

Kioo cha duka huandikwa kwa ndani, mvua na barafu visije vikabandua rangi, kwa hiyo fundi huandika kinyumenyume, herufi ya mwisho ikianza, ili wa barabarani asome sawasawa. Nilimkuta amesimama mbele ya kioo ndani ya ukumbi ule mtupu, mkono wa kulia umeegemea fimbo yake yenye kitambaa nchani, akivuta O ya HISPANO kwa mvuto mmoja wa brashi bila kupumua. Nilingoja mpaka alipomaliza. Mabaki ya theluji yalikuwa yanayeyuka nje, magari yanapita yakirusha tope, na mwanga uliopenya kioo ulimpiga usoni.

"Kahawa, Don Osías."

"Weka tu hapo, doña."

Alichukua kipande cha karatasi ngumu, akakibandika ubavuni mwa herufi ili ukingo wa rangi ukatike wima. Kilikuwa kadi ya uanachama. Jina lake liliandikwa pale kwa wino, kwa mwandiko ambao ungedhani umepigwa chapa, na mahali pa sahihi ya katibu palikuwa peupe. Cuca alikuwa amejiuzulu ukatibu baada ya kura ile, na asubuhi hiyohiyo akamrudishia Osias kadi yake.

"Hiyo kadi..." nikaanza.

"Karatasi nzuri," akasema. "Haipindi."

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Yeye akahamia kwenye N. Alikuwa ndani ya ukumbi, mlango umefunguliwa kwa funguo alizokabidhiwa, na kwa kadiri alivyoandika ndivyo alivyokuwa anajitoa nje. Wala hakuharakisha, wala hakuharibu. Nimeona watu wakilia kwa kelele nikasahau kesho yake. Ile N sijaisahau.

Ukumbi ulifunguliwa Jumapili iliyofuata. Mimi nilipika kama kawaida, chungu cha watu thelathini. Nilidhani watakwenda kusikiliza hotuba ya Evaristo, watapiga makofi, kisha watakuja kula. Saa saba ilipita, na saa nane nayo ikapita. Nikasogeza viti, nikavirudisha vilipokuwa.

Nilikuja kuelewa baadaye jinsi mambo yalivyokwenda. Cuca alikuwa ameondoka na Wameksiko wote na vijana wa latino, wakaanzisha chama chao mitaa miwili mbele, kwenye chumba cha chini cha duka la viatu, na aliyekaa kwenye meza ya Provi alihesabiwa msaliti. Upande wa Evaristo nao ulipitisha azimio kwamba chakula cha Jumapili kitaliwa ukumbini, kwa sababu ukumbi ulikodiwa kwa ajili hiyo. Hakuna aliyenitukana. Ila kila mmoja aliogopa kukutana na mwenzake kwenye ngazi zangu.

Sasa nisikilizeni. Miaka kumi na tisa tangu mume wangu alipofariki, sikuwahi kukaa Jumapili mchana ndani ya nyumba ile peke yangu. Sikujua kwamba bomba la mvuke wa kupasha nyumba joto linagonga. Sikujua kwamba saa ya ukutani inasikika mpaka chumbani. Kitandani hapakuwa na koti hata moja, na shuka lilikuwa limetandikwa vizuri, na kuliangalia kulinitia baridi.

Saa tisa nilivaa nikashuka. Nilikwenda hadi ukumbini, nikasimama ng'ambo ya barabara. Neno lilikuwa zuri, Mungu anisamehe, herufi za dhahabu zenye kivuli cheusi, unazisoma toka kona. Kupitia tumbo la ile O nilimwona Evaristo na wenzake kumi na mmoja wanacheza domino, kiti kimoja kitupu. Walikuwa wachache kuliko viti. Ningeingia wangenipisha, na wangefurahi hasa, maana hakuna aliyekuwa anaongea. Sikuingia. Nilirudi nyumbani, nikapakua wali sahani moja, nikaufunika kwa kitambaa, nikapanda ghorofa ya tatu.

Ngazi za kutoka kwangu kwenda juu ni kumi na sita. Nilizihesabu kwa sababu nilikuwa sijawahi kuzipanda. Kila nilipokutana naye mlango wa chini nilimwambia, "Kwangu ni kwako, Don Osías," kama tunavyoambiana sisi, naye alijibu "Asante, doña," na kila mtu akashika njia yake, miaka kumi na mmoja. Hatumaanishi kitu tukisema vile. Tunamaanisha habari za saa hizi.

Nikagonga. Alifungua akiwa amekunja mikono ya shati, na nilishtuka, kwa vile sikuwahi kumwona bila koti. Nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja, kisafi, meza, kiti kimoja, brashi zimepangwa kwa ukubwa wake. Supu ya boga ilikuwa inachemka jikoni.

"Nimekuletea wali," nikasema.

"Hawakuja," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Sakafu yangu ndiyo dari yako, doña. Jumapili zako nazisikia zote. Doña Cuca hucheka mara tatu halafu anakohoa. Don Evaristo akisimama kuondoka huburuta kiti mpaka mlangoni, sijui kwa nini. Leo nimesikia viti vinasogezwa na mtu mmoja."

Sahani ilianza kuniunguza vidole. Nikasema yale niliyopanda nayo. "Nitaitisha kura upya. Nitawaambia nilikosea. Nilinyoosha mkono kwa hasira ya maneno ya Cuca, wala halikuwa jambo linalokuhusu wewe."

"Najua halikunihusu. Ndiyo maana liliuma." Hakupandisha sauti. "Rangi imekauka. Na mkiibandua, mtanipokea kwa huruma, halafu kila nikila kwenu nitaona mnanihurumia. Acha."

"Sasa nifanye nini?"

Alifikiri. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza kwa mvuke, hakugeuka kukitazama.

"Nijibu neno moja," akasema. "Wewe ndiye unayejua habari za jengo hili. Mimi nikikaa siku mbili sijashuka ngazi, ungejua?"

Nilijua mimba ya binti wa ghorofa ya kwanza kabla ya mama yake. Nilijua Purvis anaficha chupa nyuma ya tanuri. Nilijua nani anamwandikia barua nani huko kwetu Mayagüez. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, na kusema ndiyo kusingenigharimu kitu.

"Hapana," nikasema. "Nisingejua."

Chini, barabarani, gari la aiskrimu lilipita likipiga kengele yake, la kwanza mwaka ule, na hakuna mtoto aliyelikimbilia kwa sababu bado kulikuwa na baridi.

"Mimi ningejua, ingekuwa wewe," akasema. "Leo imenichukua saa moja."

Akaipokea ile sahani, akaiweka mezani. Akavuta kiti, kile kimoja, akakigeuzia upande wangu, kisha akatoa sanduku la nguo chini ya kitanda, akalisimamisha ng'ambo ya meza pawe mahali pake pa kukaa. Akachukua bakuli la pili kutoka rafuni, akalifuta vumbi kwa pindo la shati.

"Pita ndani, Doña Provi," akasema. "Tule."